Mazoezi ya Viungo na Watoto Wetu wa Sekondari

Kila mwaka shule za sekondari zifunguliwapo, hunijia wazazi wawili watatu na ombi la namna moja. Wataka niwaandikie barua ya kumpelekea mkuu wa shule, kwamba binti yao asiingizwe katika michezo kwa kuwa dini ya Kiislamu imekataza. Hao si watu wa shari. Ni Waislamu wenye kusali, wakulima wa alizeti na vitunguu, au wenye maduka madogo hapa Singida mjini, nao wamwonea mtoto wao uchungu. Walakini barua hiyo siiandiki, kwa sababu ndani yake mna neno lisilo kweli, na neno hilo litabebeshwa dini. Kusema hili ni halali na hili ni haramu si jambo la kutolewa kwa ajili ya kumfurahisha jirani.

Ukimwuliza mzazi huyo dini imekataza nini khasa, atajibu kuwa binti atavaa sketi fupi ya mpira wa pete, tena mbele ya wavulana na walimu wanaume. Mwambie: na kama atavaa suruali pana, na vazi refu, na mtandio wake, akacheza na wasichana wenzake, na msimamizi akawa mwalimu mwanamke? Hapo hunyamaza kidogo, kisha hutoa sababu ya pili, ambayo ndiyo iliyokuwamo moyoni tangu mwanzo: "Maalim, mimi nimempeleka kusoma, sikumpeleka kucheza." Basi hapo tumekwisha toka katika sheria ya dini, tumeingia katika rai ya mzazi. Rai ya mzazi ina heshima yake, lakini isivishwe kilemba cha sheria.

Rai hiyo haikuota yenyewe. Zama za ukoloni shule nyingi za Tanganyika zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazee wetu wengi waliogopa kuwapeleka watoto huko wasije wakabadilishwa dini. Katika shule hizo ndimo mtoto alimoonea kwanza kaptula, filimbi ya mwalimu wa dirili, na mpira wa miguu. Vitu hivyo vikafungwa pamoja katika mawazo ya wazee, hata kengele ya kanisa, kaptula na mpira vikawa mzigo mmoja. Serikali ikazitwaa shule za mashirika ya dini kwa sheria ya mwaka 1969, na leo mtoto wa Kiislamu yumo katika shule ya kata pamoja na wenzake wa kila dini. Lakini ule mzigo wa mawazo haujafunguliwa bado katika nyumba nyingi. Wala si Waislamu peke yao wenye kuitilia shaka michezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hata Wizara ya Elimu iliyasimamisha kwa muda mashindano ya michezo ya shule, kisha yakarudishwa.

Sasa na tutazame Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) na masahaba wake walikuwaje katika jambo hili. Imepokewa na Abu Daud ya kwamba Bibi Aisha (R.A.) alishindana mbio na Mtume wakiwa safarini, akamshinda. Hata baadaye, alipoongezeka mwili, wakashindana tena, na mara hii Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa ushindi huu ni malipo ya ule. Na katika mapokezi ya Imam Ahmad imo ziada yenye faida kubwa, kuwa Mtume kwanza aliwaamuru watu watangulie mbele, ndipo wakashindana. Ewe ndugu msomaji, kitazame vizuri kisa hiki. Aliyekimbia ni mwanamke, tena ni Mama wa Waumini. Na hakukimbia mbele ya macho ya watu. Ruhusa na sitara zimo katika kisa kimoja, na mwenye kushika moja akaiacha nyingine amekisoma nusu. Wako wasomao nusu ya kwanza, wakawaachia mabinti zao kila kitu. Na wako wasomao nusu ya pili, wakawafungia kila kitu.

Ama wanaume, habari zao ni nyingi mno. Mtume aliwashindanisha watu farasi katika viunga vya Madina, wale farasi waliozoezwa kwa masafa marefu na wasiozoezwa kwa masafa mafupi, na Abdallah bin Umar alikuwa miongoni mwa walioshindana. Aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakilenga mishale, akawatia moyo. Salama bin Al-Akwa'i alishindana mbio za miguu na mtu wa Kiansari mpaka Madina, akashinda. Na siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, Mtume akimsitiri Bibi Aisha naye akitazama. Imepokewa pia kuwa Sayyidna Umar (R.A.) alipowaona Wahabeshi hao wakicheza aliinama kuokota changarawe awatupie, na Mtume akamwambia awaache. Nakumbuka sana changarawe zile kila nimwonapo mzee akiwafukuza vijana kiwanjani kwa bakora, hali wakati wa Sala bado na mavazi yao ni ya adabu.

Walakini kisa kinigusacho zaidi ni cha Umra ya mwaka wa 7 wa Hijra. Makureshi walisema kuwa hao wanaokuja ni watu waliodhoofishwa na homa ya Yathrib, wakakaa kuwatazama. Mtume akawaamuru masahaba waende mbio za hatua fupi fupi katika mizunguko mitatu ya kwanza ya Al-Kaaba, ili washirikina wazione nguvu zao. Mpaka leo ni sunna kwa wanaume kuzunguka hivyo katika tawafu hiyo. Yaani nguvu ya miguu imeingia ndani ya ibada yenyewe. Na baina ya Safa na Marwa mja huenda mara saba, jumla yake zaidi ya kilomita 3, na kabla ya hapo na baada yake iko Mina, iko Arafa. Sisi wa bara aghalabu twajaliwa kwenda huko uzeeni, magoti yakiwa yamekwisha kutukataa, na wengi wetu husukumwa katika viti vya magurudumu. Wengine ni kwa maradhi yasiyo na hila. Wengine ni kwa miaka thelathini ya kukaa dukani.

Najua wako watakaonijibu kwa hadithi isemayo kuwa kila mchezo wa mwanadamu ni upuuzi isipokuwa mambo machache. Hadithi hiyo ipo. Lakini vitazame vilivyotolewa katika upuuzi huo: kulenga shabaha, kumzoeza farasi, na mtu kucheza na mkewe. Viwili katika hivyo ni mazoezi ya mwili, na maulamaa wengi wamevipimia humo mazoezi mengine yenye manufaa. Na Kurani Tukufu, ilipotueleza kwa nini Talut alichaguliwa awe mfalme wa Wana wa Israili, haikutaja mali, ambayo watu walidhani ndiyo sharti. Ilitaja kuwa Mwenyezi Mungu amemzidishia wasaa katika elimu na katika mwili. Vyote viwili vimetajwa pamoja.

Imam Al-Ghazali, aliyefariki mwaka wa 505 wa Hijra, yaani 1111, ameliandikia jambo hili katika Ihyaa, mlango wa kuwalea watoto. Maana ya maneno yake ni kuwa mtoto atokapo chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha na taabu ya masomo, lakini usiwe wa kumchosha. Na kwamba kumzuilia mchezo na kumlemea kwa masomo daima huufisha moyo wake na kuibatilisha akili yake, hata akatafuta hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Tena amesema mtoto azoeshwe kutembea na kujitikisa katika baadhi ya mchana, asije akatawaliwa na uvivu. Aliyesema hayo si mwalimu wa michezo wa leo. Ni Hujjatul Islam. Mwalimu wa chuo amwekaye mtoto jamvini tangu Alasiri mpaka Isha, baada ya mtoto huyo kushinda shuleni siku nzima, na aurejee mlango huo.

Basi ikiwa asili ya jambo ni ruhusa, tena ruhusa yenye kupendezwa, yabaki masharti. Hapa sitaki kumpunja mzazi, kwa maana khofu yake nyingine ni ya haki kabisa.

Sharti la kwanza ni uchi. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na magoti, kwa hiyo bukta fupi za mbio hazimfai kijana wetu, ingawa amezizoea. Juu ya paja pana maneno baina ya maulamaa. Imam Bukhari ameileta hadithi ya Anas na ya Jarhad, akasema ya Anas ina sanad yenye nguvu zaidi na ya Jarhad ndiyo ya hadhari zaidi. Mwenye kutaka hadhari, suruali ya kufunika magoti haimzuii mtu kukimbia. Kwa msichana, vazi pana la kusitiri mwili na kichwa lawezekana vilevile. Wako wasemao ati sheria za michezo hazikubali. Hilo lilikuwa kweli katika baadhi ya michezo, si kweli tena: chama cha mpira wa miguu cha dunia, FIFA, kiliruhusu kufunika kichwa mwaka 2014, na kile cha mpira wa kikapu, FIBA, kikafuata mwaka 2017. Ruqaya Al-Ghasra wa Bahrain alikimbia mita 200 katika Michezo ya Asia huko Doha mwaka 2006 akiwa amejifunika kichwa, mikono na miguu, na akatwaa dhahabu. Ikiwa katika mashindano makubwa kama yale mavazi ya sitara yalipita, hayatashindwa kupita katika kiwanja cha shule ya kata wilayani Ikungi au Mkalama.

Sharti la pili ni mchanganyiko wa wavulana na wasichana, na hapa shule ndizo za kulaumiwa zaidi. Aghalabu mwalimu wa michezo ni mmoja, mwanamume, na kiwanja ni kimoja, na wavulana wasio na zamu husimama pembeni wakicheka. Msichana yeyote mwenye haya, Mwislamu na asiye Mwislamu, atakimbilia darasani. Dawa yake si ngumu. Wasichana wapewe siku yao, na mwalimu yeyote mwanamke asimamie, ajapokuwa ni wa hesabu au jiografia, kwa kuwa kuruka kamba na kurusha mpira hakutaki stashahada. Tena siku za hedhi, au mwenye pumu au selimundu, ataweza kumwambia mwanamke mwenzake asilothubutu kumwambia mwanamume.

La tatu ni Sala. Michezo ya shule huanza baada ya masomo, karibu na saa kumi, ndio wakati wa Alasiri. Kijana huingia kiwanjani, hutoka giza linaingia, na Alasiri imekwenda. Sala ile haichukui dakika kumi, na mkuu wa shule aombwaye kwa adabu aghalabu hakatai kuwangoja. Lakini aombwe. Shule haiwezi kulijua jambo ambalo baba hajafungua kinywa kulisema.

Na la nne ndilo linalonikera kuliko yote, nalo liko nje ya shule. Nyumba ileile iliyomkataza binti kuruka kamba katika uwanja uliozungushiwa ukuta, ina mwana wa kiume akaaye kibanda umiza mpaka saa sita za usiku, akitazama mpira wa Uingereza, mfukoni ana mkeka wa kamari. Huyo hakimbii hata hatua kumi. Ukimwuliza mfungaji wa timu fulani ana umri gani, atakutajia mpaka mwezi aliozaliwa. Ukimtaka apande nawe mlima wa mawe hapa mjini, atakaa chini katikati. Baba yake hulalamika kidogo, kisha hulala. Kamari imeharamishwa kwa aya iliyo wazi, haina khitilafu ya maulamaa kama paja. Twawezaje kuwa wakali mahali penye ruhusa, tukawa wapole mahali penye haramu? Mimi naona kijana achezaye mwenyewe, akarudi nyumbani amechoka, akaoga, akala, akalala, ana kinga kubwa zaidi ya kibanda kile kuliko yule aliyekatazwa mpira akaachiwa simu.

Nirudi kwa shule, maana nazo zina mkono katika kuyachukiza mazoezi. Mtoto akichelewa, huambiwa aruke kichurachura. Akisema lugha ya nyumbani, azunguke kiwanja mara tano. Kisha siku ya kipindi cha michezo mwalimu yuleyule hupiga filimbi ahimize mchakamchaka, na hushangaa kwa nini watoto wanakunja nyuso. Utamfanyaje mtoto apende kitu alichokwisha kupigiwa nacho? Hata sisi tujuao adabu ya chuo twajua kuwa mtoto aadhibiwaye kwa kuandikishwa sura nzima huja akaichukia kalamu. Tena shule nyingi huhesabu michezo kuwa ni wale kumi na mmoja wa timu. Hao ndio wapewao viatu na mpira, na wengine mia nne hukaa chini ya mti kuwashangilia. Mazoezi ya viungo yamewekwa kwa ajili ya wote, khasa mnene, na mzito, na yule asiyepata kuchaguliwa na mtu.

Wazazi wa vijijini wanayo hoja yao, nayo ni nzuri. Wasema: mtoto wangu hutembea saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi, huteka maji, hulima, mazoezi gani tena? Huyo nakubali hana haja ya kutikiswa mwili. Ana haja ya kucheka na wenzake na kujifunza kushindwa bila ya kupigana. Lakini mtoto wa mjini, apelekwaye shule kwa bodaboda na kurudishwa kwa bodaboda, hali yake ni nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limeshauri watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za mwendo wenye kuutoa mwili jasho. Na utafiti wa shirika hilo uliotangazwa mwaka 2019, uliokusanya habari za nchi 146, ulionyesha kuwa katika vijana 100 wa miaka 11 mpaka 17 waendao shule, 81 hawakifikii kipimo hicho. Na wasichana walikuwa nyuma ya wavulana, 85 kwa 78. Kisukari na shinikizo la damu, ambavyo zamani tulivijua kuwa ni maradhi ya matajiri, siku hizi vimo katika nyumba zetu za kawaida, na mama wa nyumbani asiyetoka hushikwa navyo upesi. Binti afundishwaye akiwa na miaka kumi na minne kuwa mwili wa mwanamke ni wa kukaa tu, ndiye mama huyo wa kesho.

Juu ya ile kauli ya "nimempeleka kusoma", yapasa mzazi ajue kuwa mambo yamebadilika. Elimu ya viungo ni somo lenye mtihani wake wa Kidato cha Nne, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 umeiweka michezo miongoni mwa fani za mkondo wa amali, pamoja na kilimo na ufundi. Si kila mtoto atakula kwa miguu yake, na asidanganywe hivyo. Lakini Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huu huu wa Singida, askari wa Jeshi la Wananchi, alishika nafasi ya tano katika marathoni ya Olimpiki ya Rio mwaka 2016, akapata shaba ya dunia London mwaka 2017, na mwezi wa Septemba 2025 huko Tokyo akawa bingwa wa dunia, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Alikimbia kilomita 42 na zaidi kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akampita Mjerumani mstarini kwa mia tatu ya sekunde, yaani sehemu tatu tu katika sehemu mia za sekunde moja. Na kwa upande wa mabinti, Zakia Mrisho wa Tanzania alikuwa wa sita duniani katika mita 5,000 huko Helsinki mwaka 2005. Hapa Singida watu walishangilia Simbu aliposhinda, na nilimwona katika washangiliaji mzazi mmoja aliyepata kuniomba ile barua. Sikumwambia neno.

Badala ya barua ya kukataza, mimi humwandikia mzazi barua ya kuomba. Humwomba mkuu wa shule mambo manne: binti aruhusiwe vazi la kusitiri, wasichana wawe na siku yao na msimamizi mwanamke, Sala ya Alasiri itangulie mchezo, na siku ya Ijumaa mchezo usianze mpaka watu wametoka msikitini. Tena namsihi baba mwenyewe aipeleke kwa mkono wake, asimpe mtoto, kwa kuwa barua ipelekwayo na mtoto husomwa kama udhuru, na barua iletwayo na baba husomwa kama shauri. Shule nyingine zimekubali yote manne, nyingine matatu. Moja ilikataa vazi, na wazazi wanne wakaenda pamoja mara ya pili.

Ama vazi lenyewe, fundi yeyote wa mtaani hulishona kwa mchana mmoja: suruali pana yenye mpira kiunoni na vifundoni, kanzu fupi ya kufika magotini iliyopasuliwa pembeni, na mtandio wa kushonwa usiohitaji pini, maana pini humchoma mtoto akianguka. Kitambaa kiwe cha pamba, kisiwe cha kung'aa wala cha kubana, na rangi ifuate rangi ya shule ili binti asionekane mgeni kati ya wenzake.